Bei ya Chumba cha Tano

Watu humdanganya daktari kuhusu pombe, na humdanganya mpuliza dawa kuhusu vyumba. Pampu alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza kazini, wala halikumkasirisha. Mende ni kazi nyepesi: unapuliza jikoni na chooni, mtu anashukuru na kulipa. Mchwa hupimwa kwa urefu wa ukuta na matundu ya kutoboa, na mwenye nyumba akisikia jumla yake hushika kichwa. Lakini kunguni bei yake huenda chumba kwa chumba, tena kwa mizunguko miwili, kwa sababu mayai hayafi mzunguko wa kwanza. Ndiyo maana watu huficha vyumba. Chumba cha wageni hugeuka kabati. Chumba cha mtoto huwa "humo hatulali siku hizi." Pampu hupuliza alivyoonyeshwa, huchukua chake, na baada ya mwezi simu inalia: fundi, wamerudi! Warudi vipi, wakati hawakuondoka? Walihamia chumba kilichofichwa, wakala, wakazaa, wakangoja.

Jina la Pampu alipewa kwa sababu ya mtungi wa mgongoni, na alilizoea kiasi kwamba hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa hana furaha alimwita kwa jina la ubini. Mwanamke huyo alikuwa na sheria moja isiyopindishwa: mume hagusi kikombe, mtoto wala kitasa cha mlango kabla hajavua nguo nyuma ya nyumba na kuoga. Pampu alilalamika kila jioni na kutii kila jioni. Alikuwa na heshima kubwa kwa sumu, kwa sababu alikuwa akishinda nayo kwenye nyuzi za shati lake.

Asubuhi moja aliitwa na karani mmoja aliyejenga karibuni, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alimwagiza asije na ovaroli yenye maandishi, na mtungi autie kwenye gunia.

"Fundi, karibu, ingia haraka," karani alisema huku akichungulia barabarani. "Kuna jirani amekuuliza chochote?"

"Mmoja ameniuliza kama ni bomba limepasuka. Nimemwambia ndiyo."

"Safi kabisa. Bomba limepasuka."

Kazi ilianza kwa mvutano wa bei, kama kawaida. Karani alikuwa mkono wa birika, tena hakuona haya. Aliuliza kwa nini alipe mzunguko wa pili kama wa kwanza ni wa uhakika. Aliuliza kama jiko linaweza kuhesabiwa nusu chumba. Aliuliza kama akinunua dawa mwenyewe bei itashuka. Mwishowe akamtaja Nusu Bei, kijana mwenye pikipiki aliyekuwa akizunguka mitaani na chupa zisizo na lebo, akipulizia watu vitandani dawa ya kuulia wadudu wa shambani.

"Huyo wiki hii amenichukulia wateja wawili," Pampu alisema. "Mwite tu. Lakini usilale humo."

Karani akacheka kwa shingo upande, akakata maneno. "Basi vyumba vinne. Sebule, jiko, vya kulala viwili."

"Na kile?" Pampu alionyesha mlango wa mwisho wa korido.

"Kile stoo. Makopo ya rangi na takataka za ujenzi."

Chini ya mlango huo kulikuwa na taulo lililolowa maji, limekunjwa vizuri na kusukumwa kwenye upenyo. Pampu aliliona. Makopo ya rangi hayahitaji taulo. Akajipa maelezo: labda kuna mchele humo, labda nguo za mke, labda kitu ambacho karani hataki mpita njia akione. Kila nyumba ina mlango wake wa namna hiyo.

"Hakuna mtu ndani?" aliuliza.

"Nimekwambia stoo, fundi."

"Nauliza kwa sababu kopo la moshi wa dawa likiwaka, nyumba iwe tupu mpaka jioni. Watu, kuku, paka."

"Mke wangu na watoto wako kwa wakwe. Kuku na paka sina. Tuanze, jua linapanda."

Alitakiwa kuufungua mlango ule. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine: usiamini neno, amini macho. Lakini nyumbani aliacha ada ya shule inadaiwa, wateja wawili walishapotea, na mtu akimbana karani wa aina hii kwa maswali humpigia Nusu Bei hapo hapo. Pampu akajikaza, akavaa mtungi mgongoni.

Alipuliza mishono ya magodoro, viungo vya vitanda, nyuma ya mbao za ukutani, hata ndani ya matundu ya soketi. Kunguni walikuwa wengi kuliko alivyoambiwa. Walikuwa wamejipanga kwenye mkunjo wa godoro la watoto, na mashuka yalikuwa na madoa meusi madogo kila upande. Alikuwa anamalizia chumba cha pili cha kulala, kinachopakana na stoo, aliposikia sauti nyuma ya ukuta. Kitu kama kijiko kilichogusa kikombe.

Akaiachia pampu. Kimya.

"Panya," alisema karani kutoka mlangoni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Panya nao nina bei yao."

Karani hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na madirisha yote yalikuwa bado wazi, upepo unapita. Pampu alimtazama kidogo zaidi ya adabu inavyoruhusu. Kisha akafunga madirisha, akapanga makopo ya moshi katikati ya kila chumba, akavaa barakoa yake ya mpira na kuyawasha moja baada ya jingine, akianzia jikoni na kurudi nyuma kuelekea mlango wa mbele. Moshi mweupe ulipanda polepole kisha kwa kasi. Walitoka nje, karani akafunga kwa ufunguo.

Walikaa kwenye bomba la uani. Mwenye nyumba alishindwa kutulia. Alifungua bomba, akafunga. Alitazama dirisha la mwisho, lile lenye pazia la maua. Pampu naye akalitazama. Stoo ya nani ina pazia lililopigwa pasi?

"Fundi," karani akasema kwa sauti ndogo. "Huu moshi unapita ukutani?"

"Ukuta wa tofali? Haupiti."

Karani akashusha pumzi ndefu.

"Unapita juu," Pampu akaendelea. "Kuta zako zimeishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja nyumba nzima. Ndiyo raha ya moshi, hauachi..."

Hakumaliza. Uso wa karani ulikuwa umepauka.

"Mama yumo."

Pampu alikuwa ameshasimama. "Ufunguo!"

Karani aliutoa mfukoni kwa pupa, ukaanguka kwenye tope la bombani. Pampu aliuokota, akakimbia huku akivaa barakoa. Ilikuwa moja tu. Mlango wa mbele ulipofunguka, moshi ulimtokea kama shuka lililorushwa usoni. Aliingia akipapasa ukuta wa korido kwa mkono wa kushoto, akihesabu milango kwa vidole, na ndani ya barakoa alikuwa anajitukana kwa maneno ambayo mkewe asingeyavumilia. Uliona taulo. Uliona taulo, ukaliona, ukaliacha.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo ila taulo liliubana. Aliupiga bega. Ndani, moshi ulikuwa unashuka kutoka kwenye tundu la taa, na kitandani kulikuwa na mtu mdogo aliyejifunika shuka hadi kichwani, ametulia kabisa, mikono imeshika pindo. Hakupiga kelele. Nyonga yake ilivunjika miezi mingi nyuma, asingeweza kufika hata dirishani, lakini sauti alikuwa nayo, na hakuitumia.

Pampu akavua barakoa yake na kumvika. Akavuta pumzi ya mwisho karibu na sakafu, akamwinua. Bibi yule alilia kwa maumivu ya nyonga na kumkwaruza shingo. Koridoni macho ya Pampu yaliwaka moto hadi hakuona chochote, na kifua kilikuwa kimefika mwisho wake mtu alipomgonga ndani ya moshi: karani, bila kitambaa usoni, anakohoa, anapapasa, akashika miguu ya mama yake. Wakatoka wote watatu wakiangukiana.

Walimlaza kwenye nyasi za mbele, hapo hapo kando ya barabara, mbele ya macho yote ambayo karani aliyaogopa asubuhi. Majirani walitoka. Mmoja alileta maji, mwingine mto, na yule aliyeuliza kuhusu bomba alikimbilia gari lake bila kuuliza tena. Pampu alimmwagia bibi maji machoni, kwa upole, kisha yake mwenyewe. Bibi alikohoa sana, akatapika kidogo, kisha pumzi ikaanza kuingia na kutoka kwa mpangilio.

"Lazima aonwe na daktari sasa hivi," alimwambia karani. "Nitakuja nanyi. Nitawaambia jina la dawa."

Karani alipiga magoti na kushika vidole vya mama yake. "Mama, nisamehe. Nisamehe, mama."

"Mimi ndiye niliyesema chumba changu kirukwe, nibaki humo," bibi akajibu, sauti imekwaruzika. "Ulivyolalamikia bei za wapuliza dawa jana, nikaona nikuondolee mzigo. Usimlaumu mtu." Akageuza kichwa taratibu, akamtafuta Pampu kwa macho mekundu. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mama. Na mimi nilijua kuna kitu. Nimekukosea."

"Chumba kimoja unatoza kiasi gani?"

"Mama, usiongee, pumua," karani alisema.

"Nimemuuliza fundi."

Pampu alitaka kudanganya. Alitaka kutaja hesabu kubwa, ya kutisha, yenye kuweza kusimama mbele ya mwanamke huyu bila aibu. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameshachoka na uongo, wake na wa wengine.

"Kama mfuko mmoja wa saruji, mama. Na nusu, kwa mizunguko yote miwili."

Bibi aliitazama nyumba ya mwanawe, moshi ukitoka chini ya mabati. Alikuwepo ilipojengwa, aliketi kwenye kiti akiiona mifuko ikishushwa, lori kwa lori. Gari la jirani liliwaka na mlango wake wa nyuma ukafunguliwa.

"Mfuko mmoja na nusu," akasema. "Kumbe. Mimi nilidhani ni pesa nyingi."