Mwanamuke Juu ya Sanduku la Mashua

Mbele ya kuanza, unisikilize vizuri: sinywi pombe, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Wale wanaosimulia mambo ya mizimu wanapenda usiku, juu hakuna wa kuwauliza waliona namna gani. Mimi niliona mchana, jua juu ya kichwa. Ukitaka kubisha, bisha, lakini ngoja nimalize kwanza.

Ilikuwa ile miaka ya sabini, Nchelenge. Mimi ni fundi wa mbao. Nilitoka Pweto, ngambo ya pili ya ziwa, nikaoa upande huu wa Zambia. Muke wangu aliitwa Chanda, mutoto wa kijiji cha Kabuta. Mungu hakutupa watoto, tulikuwa sisi wawili tu na mudomo wake. Yee, mwanamuke yule alikuwa na mudomo! Hakuniita jina langu hata siku moja. "Fundi, chakula." "Fundi, unakoroma." Ilianza siku tulipoonana mara ya kwanza, nikitengeneza mtumbwi wa baba yake, na haikuisha.

Kisha siku moja alipanda bwato, mashua ya wachuuzi, kwenda Kilwa, kile kisiwa cha ziwani kwetu, kununua samaki wakavu. Upepo ukaamka. Wenzake walipatikana, wengine wazima, wengine hapana. Yeye hakupatikana kabisa. Ziwa halikunirudishia hata kandambili yake. Unaelewa maana yake? Mutu akikuuliza ulimuzika wapi muke wako, unamuonyesha mayi ya ziwa.

Kilio kilipoisha, familia yake wakaja kugawa nguo zake, vile tunafanya. Blauzi, viatu, sufuria, vyote nikatoa. Lakini kulikuwa kitenge kimoja cha kijani, chenye majani ya njano. Alikuwa anajifunga kile akitoka kitandani asubuhi, bado hata hajanawa. Mama mukwe akanyoosha mukono. Nikasema, "Hiki hapana, mama." Kaka ya Chanda akaingia kati: "Shemeji, toa, usituletee matata." Nikamuambia anipige akitaka, anivunje mukono akitaka, lakini kitenge kinabaki. Walikwenda wamenuna. Nikakikunja, nikakitia chini ya mufuko wangu wa kazi, na kikawa kinakwenda na mimi kila mahali. Jioni nilikuwa ninakinusa. Cheka tu, sijali.

Bon. Kulikuwa muzungu mumoja, mwalimu wa sekondari, alikuwa na kamashua kadogo ka tanga. Pale nyuma, unapokaa kushika usukani, kulikuwa viti viwili vinavyotazamana, na kila kiti ni sanduku: unainua mufuniko, unatia kamba, koti, chakula chako. Sanduku moja lilikuwa limechoka. Bawaba zimelegea, komeo halishiki, mufuniko unakuangukia vidole, na mayi inaingia. "Mikate yangu inalowa kila siku!" mwalimu alinilalamikia, ungesema amefiwa.

Ilikuwa kazi ndogo, lakini mimi sijui kufanya kazi ndogo vibaya. Matundu ya skurubu yalikuwa yamepanuka, nikayajaza vijiti vya mbao ngumu na kufunga bawaba upya. Nikakata mupira wa ndani wa gurudumu la baisikeli, nikauzungusha pembeni ili mufuniko ukilala ubanwe juu ya mupira. Komeo nikalishusha kidogo, likamate kwa nguvu. Nikatia kamba fupi ya kushikilia mufuniko ukiwa wazi. Halafu nikamwaga ndoo za mayi juu yake pale pwani ya Kashikishi, nikafungua, nikapapasa. Kavu.

Lakini mashua ikisimama pwani haisemi ukweli. Lazima ilale upande na upepo, mayi ipite juu, njo utajua. Mwalimu alikuwa ameniruhusu niitoe kidogo nijaribu. Na kujaribu ni hivi: unatia nguo kavu ndani. Mbao inaweza kukuficha mayi, nguo haiwezi. Bahati mbaya vitambaa vyangu vyote vilikuwa na mafuta au vimelowa. Nguo kavu katika mufuko ilikuwa moja tu, na unaijua.

Nilisita. Kisha nikajisema, wewe fundi, kama kazi yako ni nzuri, unaogopa nini? Nikakiweka kitenge ndani, nikafunga komeo, nikasukuma mashua.

Ulikuwa wakati wa kuchoma majani, mbele ya mvua. Moshi ulikuwa umelala juu ya ziwa hata hujui mayi inaishia wapi. Upepo ulinipeleka muzuri, mashua ikalala, mayi ikapita juu ya sanduku, nikafurahi. Halafu upepo ukakatika, pap, na tanga likalegea. Niligeuka nione kama nimefika mbali na Kashikishi. Sikuona kitu, moshi tu. Niliporudisha macho, Chanda alikuwa amekaa juu ya sanduku.

Magoti yake karibu yaguse yangu. Hakuwa kivuli, hakuwa moshi. Alikuwa Chanda, na ile gauni nyepesi ya ndani, miguu peku, na zile nywele alizoondoka nazo siku ile kwa haraka yake, nusu zimesukwa na nusu bado. Niliogopa? Wewe, mutu umemulilia namna hiyo, leo amekaa mbele yako, woga utatoka wapi? Nilifurahi mpaka kifua kiliuma. Uso wake niliuangalia, nikauangalia, sikupepesa.

"Fundi," akasema, "umekonda. Nani anakupikia?"

"Ninajipikia mwenyewe."

"Awe! Basi njo maana." Akacheka, na mimi nikacheka, machozi yananitoka.

Nikanyoosha mukono. Akarudi nyuma kidogo. "Usiniguse. Nipe kwanza nguo yangu, iko hapa chini. Niko na baridi."

Ndipo nilipoona anatetemeka. Joto lilikuwa la kuua, jasho linanitiririka mugongoni, na yeye anajikumbatia mabega. Alor, nikajua jambo moja, na hakuna aliyenifundisha: akipata kile kitenge, atakwenda. Na nikajua la pili: amekalia mufuniko. Asipoinuka, sanduku halifunguki. Na asingeinuka mpaka nimuombe, juu Chanda ukimukaribisha kiti hatoki mpaka umuambie.

Basi sikumuambia. Nikaanza kumupa habari. Nilimuambia nani ameoa, nani amehamia Kawambwa, mbuzi wa jirani amekula sabuni. Aliuliza, alijibu, alinikatiza katikati ya maneno kama zamani. Nilimuambia nyumba imekuwa kubwa. Nilimuambia nalala upande wangu tu wa kitanda, upande wake siugusi. Ninakuambia ukweli, kama Mungu angeniambia chagua, ukae hapa bila upepo mpaka ufe, ningesema asante, nakaa.

Lakini meno yake yalianza kugongana. Kila neno lilikatika katikati. Akasema tena, pole pole, bila kunilazimisha, "Fundi wangu, baridi."

Nikajiuliza, hii ni mapendo gani? Muke wako anatetemeka mbele yako, nguo yake iko chini yake, na wewe unamupa habari za mbuzi! Kama ningeona mwanaume mwingine anafanya hivyo, ningemupiga kofi. Nikasema, "Inuka, Chanda."

Akainuka. Nikafungua komeo. Tangu nianze ufundi sijaomba kazi yangu iwe mbaya, siku ile niliomba. Niliomba komeo likwame, bawaba zikatike. Mufuniko ulipanda bila kulia, kamba ikaushikilia vizuri. Kitenge kilikuwa kikavu kabisa. Nilikinusa mara ya mwisho, nikamupa.

Alijifunga chini ya makwapa, akachomeka ncha, kama asubuhi yoyote. Kutetemeka kukaisha pale pale. "Aksanti, fundi," akasema. "Sasa nimepona." Upepo ukapiga tanga kwa kishindo, mashua ikaruka, nikashika usukani kwa mikono miwili tusipinduke. Ni hapo tu niliacha kumuangalia. Nilipoangalia tena, kiti kilikuwa kitupu na sanduku liko wazi, kavu, hakuna kitu ndani.

Nilizunguka pale nikimuita mpaka sauti ikakauka. Usifanye hivyo, hawajibu.

Nilipofika pwani, mwalimu alitia mukono sandukuni, akakuta kavu, akafurahi sana na kunisifu. Sikusikia hata nusu. Nilipanda njia moja kwa moja mpaka Kabuta, kwa mama mukwe, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu siku ya kugawa nguo. Nikapiga magoti mulangoni, nikamusimulia yote kama nilivyokusimulia wewe. Hakunicheka. Alilia, akanishika mukono, akaniuliza swali la mama yeyote: "Mayo! Na usoni, mwanangu alikuwa namna gani? Amezeeka? Alikuwa na huzuni?"

Nikafunga macho nitafute uso ule. Niliona mikono yake, nywele zile nusu, miguu yake, sauti yake ninayo mpaka leo, kila neno. Uso hakuna. Nilikuwa nimeuangalia mchana ule ule, bila kupepesa, na ulikuwa umekwenda. Picha yake hatukupiga hata moja. Mama mukwe akanieleza: macho ya mama yake, pua ya baba yake. Nikasikia maneno tu.

Miaka imepita, uso haujarudi. Basi wewe unayenisikia, kama umefiwa na umeficha kitu, shati, kofia, kitana, kitoe. Toa ungali unamukumbuka. Ukikawia, mwenyewe atakuja kuchukua, na hatachukua kile kitu peke yake. Sisemi kwa hasira. Hata leo akija na baridi ile, ningeinua mufuniko tena.

Lakini ona ninavyoishi. Siku ya soko Kashikishi, mwanamuke akinisalimia, namuangalia usoni, namuangalia muda murefu, mpaka anaona haya na kuniuliza, "Baba, tunajuana?"

Na mimi siwezi kumuambia hapana.