Chembe za Dada Hazichoki

Saa nne asubuhi, jua linawaka, lakini ndani ya karakana ya sabuni kumenyamaza mpaka unasikia mapigo ya moyo wako. Hakuna moshi wala harufu. Mama Povu, kama wenzake wanavyomwita, anamimina sukari na chumvi maalumu ndani ya pipa lenye joto la vuguvugu. Vyote ni vikavu. Anakoroga, na jamani, vinageuka uji mwepesi bila tone la maji! Hicho ndicho kiyeyusho chao, kisicho na sumu.

“Mara ya kwanza nilitoka mbio,” anasema akicheka. “Dada akanirudisha kwa sikio.”

Dada yake ndiye aliyekuwa fundi hapa. Alimtoa kwenye magadi makali, yaliyokwisha kumla kucha tatu, akamfundisha kutia mafuta ya nazi, kisha chembe nyeupe zilizobeba vimeng’enya. Hivyo ndivyo vinavyounganisha sukari na mafuta, ikapatikana sabuni.

Kila mpiko ukiisha, chembe huoshwa kwa spiriti na kutandazwa kitambaani. Kwa kawaida huchoka baada ya mipiko kumi na miwili. Hizi ziko kwenye wa thelathini na nane.

Dada alifariki ghafla miezi saba iliyopita. Kwa kuchanganyikiwa, Mama Povu alifunga mlango akaziacha chembe pipani, chafu, siku tatu. Aliporudi kutoka mazikoni alizikuta zimeoshwa, zimetandazwa, na kitambaa kimekunjwa pembe moja, vilevile alivyokuwa akikikunja dada. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

“Nywele zilinisimama.”

Leo mkemia anayekagua sabuni yao anataka zitupwe, kwa kuwa zimepitiliza muda wake. Wamekubaliana: povu lisipofika alama ya chupa, basi tena. Mpiko unapoisha, Mama Povu anatia sabuni kidogo na maji kwenye chupa, anaitikisa. Povu linapanda, linapita alama, linatulia hapo.

Mkemia anavua miwani, anaifuta. “Mama, zimeshinda. Zibaki.”

Badala ya kufurahi, Mama Povu anaangua kilio. Tangu mazishi, anakiri, hajaziosha hata mara moja. Kila mpiko huziacha pipani jioni, na asubuhi huzikuta kitambaani, safi.

“Nilimkumbuka mno, nikaona heri aje,” anasema. “Miezi saba namfanyisha kazi marehemu, mimi mzima nimelala!”

Anamgeukia mkemia na kumwomba chembe mpya. Hizi atazizika mwenyewe, kabla jua halijazama.

“Hizo mpya nitaziosha kwa mikono yangu,” anasema. “Dada amechoka.”