Kipimo cha Binti wa Baroni

Mimi ni fundi cherehani, hapa mtaani Nyamirambo, Rwanda, na baba yangu alikuwa fundi hapahapa kabla yangu. Sinywi, sivuti. Kazi yangu ni sentimita, si hadithi. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwaka juzi nilimpima mtu ambaye alikuwa ameshakufa, nisikilize kwanza, kisha ucheke kama bado utataka kucheka.

Ilikuwa jioni ya mvua ya Novemba, ile inayogeuza barabara yetu kuwa mto. Wateja walikuwa wamekimbia. Nilikuwa nimeinamia kanzu ya mtu, naingiza vifungo, nilipoinua kichwa mama mmoja alikuwa amesimama karibu kabisa na mashine. Mzee, chotara, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, koti zito la Ulaya. Koti lilikuwa kavu. Hilo nililikumbuka baadaye. Wakati ule nilidhani ameshushwa na gari mlangoni.

Akanisalimia kwa Kinyarwanda. Hakukosea hata neno. Ila alisema kama mtoto wa miaka minne, maneno mafupi, ulimi mzito kidogo, na sauti yenyewe ni ya kikongwe. Umewahi kusikia kitu kama hicho? Nikamjibu kwa Kifaransa, maana sisi tuliosoma zamani tunacho. Kifaransa chake kilikuwa cha mtu mzima, tena cha mtu aliyeishi nacho.

"Nataka gauni la mtoto," akasema, akaweka mezani kitambaa cheupe chenye mistari myembamba ya buluu. "Na kwa ndani, kwenye pindo, utarizi hii."

Akachukua chaki yangu akachora ndege mwenye shingo ndefu, amesimama juu ya funguo mbili.

"Mtoto ana miaka mingapi, mama?"

"Nipime mimi."

Nikacheka. Hakucheka. Basi nikachukua tepu kumridhisha, si unajua wazee. Nikampima mabega. Chini ya vidole vyangu nilihisi mabega ya mtu mzima, mapana kama ya mke wangu. Tepu ikasoma ishirini na nne. Nikaikunjua, nikaangalia kama imejipinda, nikarudia. Ishirini na nne. Kifua, hamsini na tano. Niamini, vipimo hivyo ni vya mtoto anayebebwa mgongoni akichoka. Nikaviandika kwenye daftari, nikijiambia ni uchovu.

Yeye alikuwa ameshaanza kuzungumza. Ile nembo, alisema, ni ya ukoo wa baba yake, ukoo wa mabaroni kule Ubelgiji. Akanitajia watu wa ukoo huo wote, kama anayesoma kitabu. Babu wa babu yake alipewa ubaroni kwa kuliuzia farasi jeshi la mfalme. Mwanawe akaoa binti wa mwenye machimbo ya makaa ya mawe, ndipo wakajenga ngome kando ya mto. Walioana na majaji, na wenye mabenki. Mmoja akawa padri, akafia Kongo. Baba yake mwenyewe alikuwa mtoto wa tatu wa kiume. Ngome ni ya wa kwanza, pesa ni za wa pili, wa tatu akaletwa huku Rwanda awe ofisa mdogo wa serikali ya kikoloni. Akaishi na msichana wa Masaka, nje kidogo ya mji wetu huu. Wakapata binti.

"Nyumbani waliniita Kamikazi," akasema.

Bila shaka umesikia habari za watoto wale. Enzi za Wabelgiji, chotara walikusanywa kutoka kwa mama zao, wakawekwa kwenye makao ya watoto, kisha wengine wakapandishwa ndege kwenda Ubelgiji. Yeye alichukuliwa ana miaka minne. Huko alilelewa na wakulima. Alipokuwa msichana mkubwa alikwenda hadi kwenye ile ngome. Walimpa chai. Wakamfungulia kitabu cha ukoo, kikubwa, cha ngozi, wakamwonyesha jina la baba yake: *hakuacha mtoto*. Wakamsindikiza mpaka getini.

"Nikakisoma chote pale pale," akasema. "Majina yao yote ninayo. Wao langu hawana."

Akanielekeza nyumba ya mama yake, Masaka. Gauni lipelekwe huko. Mvua ilikuwa imekatika, na adhana ya magharibi ikaanza. Akanisogelea, na sasa akarudi kwenye kile Kinyarwanda cha kitoto.

"Mwambie mama kwamba..."

Nami, Mungu anisamehe, nilitaka kufunga. Niliogopa pia, sikufichi. Nikasema, "Mama, samahani, nakwenda kuswali. Utaniambia kesho."

Akafumba mdomo. Akaweka mikono nyuma, kama mtoto aliyekemewa. Nikageuka kuchukua ufunguo. Niliporudisha macho hakuwepo.

Hakurudi kesho yake, wala wiki ile. Mke wangu aliona daftari akauliza vile vipimo ni vya mtoto wa nani. Nikashona gauni, nikatarizi yule ndege kwa ndani, Jumapili nikapanda pikipiki mpaka Masaka.

Nilimkuta mwalimu mmoja, Solange, anapepeta maharage uani. Nilipotaja jina Kamikazi, ungo ukamponyoka. Akanivuta kando ya ukuta.

"Nani kakwambia jina hilo?" akanong'ona. "Ni shangazi yangu. Amefariki Ubelgiji, jirani yake alituandikia. Ni miezi miwili sasa. Bibi, mama yake mzazi, hajui. Nimeshindwa kumwambia."

Miezi miwili! Na mimi nilimpima siku kumi zilizopita. Nilitaka kuondoka palepale. Lakini sauti ikatoka ndani: "Solange, ni nani huyo?"

Bibi Asteria alikuwa amepita miaka tisini, macho yamekwisha. Solange aliniangalia kwa kunisihi nisiseme kitu. Nikaweka gauni kwenye mikono ya bibi, basi. Akalipapasa kola, mikono, akashuka mpaka pindo, akaligeuza. Vidole vikamkuta yule ndege. Vikasimama.

"Gauni kama hili ndilo alilovaa siku waliyomchukua," akasema taratibu. "Nilinakili ndege kutoka kwenye pete ya baba yake. Nilimshonea kwa ndani, ili wakimvua nguo huko, wajue ni damu yao." "Amekufa, siyo? Aliye hai angelileta mwenyewe."

Solange akaanza kulia. Bibi hakulia. Akanyoosha mkono akashika wangu.

"Mwanangu, alikwambia uniambie nini?"

Ningeweza kudanganya. Ni nani asingedanganya? Neno moja tu lingetosha. Lakini mkono ule ulikuwa umenishika, nikasema kweli: alianza, nikamkatiza.

"Haya," akasema, akaniachia. "Nitamngoja amalizie."

Alimngoja miezi mitano. Solange anasema kila mvua ya jioni bibi alitaka mlango uachwe wazi, akawa ameelekeza sikio nje. Alizikwa na lile gauni kifuani. Kama aliambiwa alichokuwa anakingoja, hakumweleza mtu.

Mimi ninachojua ni hiki. Tangu bibi azikwe, mvua ikinikuta dukani jioni, nasikia sauti ndogo nyuma ya mgongo wangu: "Mwambie mama kwamba..." Inaishia palepale nilipoikatiza. Nimeiambia, "Sema, nasikiliza." Nimekaa mpaka swala ya isha imenipita. Shehe amekuja kusoma dua mara mbili, mke wangu ameniomba tuhame duka. Haiongezi neno.

Kwa hiyo wewe, mtu akikusimulia watu wake, hata kama umechoka, hata kama humwelewi na umeshashika ufunguo mkononi, mwache amalize. Mimi niliwahi swala yangu siku ile. Na sasa hata nikiambiwa neno lililobaki, sina tena wa kumpelekea.