Gicheru na Mwendo wa Mama

Ndugu yangu Gicheru ni mchora katuni. Si mchezo, ndiyo kazi yake. Tukiwa wadogo hapa mtaani Skuta alikuwa akisimamisha video za katuni za Kijapani na kuzinakili picha kwa picha, mpaka madaftari yangu ya shule yanaisha na mimi ndiye nachapwa. Alijifundisha hivyo hivyo. Baadaye kampuni moja ya Nairobi ikampa kazi ya kubuni wahusika wa kipindi cha watoto, akawa anaifanyia hapa nyumbani kwa kompyuta.

Ujuzi wake ulikuwa kwa mwendo. Alikuwa akisema mtu hujulikana kwa anavyotembea, hata kabla uso haujaonekana. Basi akachora bibi kizee wa kuchekesha, Cucu Yumbayumba, akampa mwendo wa mama yetu.

Mama alichuma chai Kangema miaka ishirini na sita, kikapu mgongoni, mpaka nyonga ya kushoto ikaharibika. Akitembea alilalia upande, mkono kiunoni, kisha akajivuta haraka kama mtu aliyekumbuka kitu. Gicheru hakukosea hata hatua moja. Sijui alifikiria nini! Anasema alifanya kwa upendo, na namwamini, lakini hasira haijaniisha.

Kipindi kikashika. Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuwa wakienda madhabahuni na sadaka, wakiimba, Mama akiwa mbele. Mtoto mmoja akapaza sauti, "Cucu Yumbayumba!" Kanisa zima likacheka. Hata pasta, haki ya Mungu. Mama aliweka sadaka yake, akatokea mlango wa kando.

Hakurudi kanisani tena. Sokoni akawa ananituma mimi. Akitaka kwenda chooni, anangoja kwanza tutoke sebuleni. Nikitoa simu nimpige picha, anakaa chini.

Gicheru aliisihi kampuni ibadilishe ule mwendo. Wakamwambia ati watoto wanampenda bibi huyo vile alivyo. Akaacha kazi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama.

"Mami, nisamehe. Nilikuchora vibaya."

"Ulinichora vizuri," Mama akasema. "Mimi sikuwa najua natembea hivyo. Miaka hiyo yote nilidhani natembea kama wale wengine."

Ngai! Gicheru alilia mpaka nikamhurumia. Akamwomba waende kanisani pamoja, hata mara moja tu, amshike mkono. Mama akasema atafikiria. Alifikiria miezi minane, halafu nimonia ikamchukua akiwa bado anafikiria.

Wiki moja baada ya mazishi nilimkuta Gicheru sebuleni mchana, kompyuta iko wazi, Cucu Yumbayumba anakatiza uwanja. Hasira zikanipanda.

"Huna haya wewe? Na tumemzika juzi tu!"

"Nimetafuta kwa simu zetu zote," akasema. "Hakuna hata video moja akiwa anatembea. Tuko na hii tu."

Alikuwa amezima sauti, zile kelele za kucheka za kipindi zisisikike. Nilinyoosha mkono niifunge hiyo kompyuta. Mama yetu akalalia upande, mkono kiunoni, akajivuta haraka, akapita, akatokea upande wa pili.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Rudisha nyuma," nikamwambia.