Amonia Iliyolala Mezani

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Tesfahun Gebeyehu anaingia darasa la kumi na moja akiwa na bakuli la dengu. Ni Kwaresima, wanafunzi hawajatia kitu kinywani, na macho yote yanaliona bakuli kabla ya kumwona yeye. Anawakumbusha, kama kila mwaka, kwamba amonia hailiwi kabla ya saa tisa, saa ya kufungua.

Leo dengu ni ngumu. Hilo ndilo jipya, na ndilo linalomuuma.

Kwa miaka kumi na tisa amefundisha maumbo ya molekuli katika mji wa Amba Wuha, nyanda za juu za Ethiopia, bila maabara. Punje ya dengu ni atomu; kijiti cha meno kinaziunganisha. Mwanafunzi huhesabu jozi za elektroni, hukisia zitakavyokimbiana, kisha huunda umbo.

"Elektroni hazipendani," huwaambia. "Kila jozi inataka kukaa mbali na mwenzake, kama nyie na mimi siku ya mtihani."

Mwaka jana watahiniwa wake wa darasa la kumi na mbili walikuwa sitini na mmoja. Hakufaulu hata mmoja. Aliwaona wavivu, akawasema sana.

Januari mwaka huu alipita kunywa kahawa kituo cha basi, kwa Ayalnesh Mekuria. Huyu alikuwa mwanafunzi wake bora kati ya hao. Alipungukiwa alama tatu, na sasa anakaanga buni tangu alfajiri. Kwa utani tu, Mwalimu akamuuliza amonia ina umbo gani.

"Pembetatu bapa, Mwalimu," alijibu huku akimimina.

"Nani kakwambia bapa? Ile ni piramidi."

"Si wewe? Dengu zako zilikuwa zimelowa mno. Tukiisimamisha mezani, miguu inatanuka, dengu ya katikati inashuka mpaka chini. Tulichora tulichokiona."

Mwalimu hakumaliza kikombe. Alikuwa akiziloweka usiku kucha kwa huruma, ili watoto wakifungua wapate kitu laini. Yeye aliishika amonia yake mkononi, akitembea mbele ya ubao. Hakuwahi kuinama kwenye madawati.

Ayalnesh aliuliza maswali ya maumbo yalikuwa mangapi. Yalikuwa matatu.

Sasa anaziloweka saa chache tu, na anapita dawati hadi dawati, goti chini, jicho usawa wa meza. Kipindi kijacho anakwenda kwa wanafunzi wa darasa la kumi na mbili, ambao mwaka jana aliwafundisha kwa dengu laini. Mtihani wao ni Juni.

"Kufundisha naweza," anasema. "Kufuta nilichofundisha, sijui."

Amemsihi Ayalnesh arudie mtihani. Amekataa.

"Aliniambia, 'Mwalimu, mimi nilishafaulu. Nilijibu ulichonifundisha.'"

Jioni atampelekea amonia moja ya dengu ngumu, aiweke kando ya birika la kahawa. Anatumaini itasimama mpaka siku ya kujiandikisha kwa mtihani.