Kurasa Alizozirekebisha Serge

Djamila binti Ramazani anatengeneza simu karibu na soko la Kasongo. Kazi yake nyingine haionekani pale kibandani: ndiye anayetunza, kwa Kiswahili, mwongozo wa lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta. Halipwi. Wenzake wametawanyika duniani, kila mmoja na lugha yake, na toleo jipya linapotoka, lugha ambayo kurasa zake hazijafika kwa wakati huondolewa.

Mimi humsomea maandishi kabla hajayatuma, ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwake. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita mchana.

Kurasa zenyewe haziandikwi moja kwa moja. Djamila anaandika faili za chanzo, maandishi makavu yasiyo na rangi wala mapambo, kisha programu inayasoma na kujenga kurasa za kusomwa. Lakini mtandao wa huku ni wa kubahatisha, kwa hiyo kurasa zilizokwisha kujengwa husafiri ndani ya flashi, mifukoni mwa watu wa pikipiki. Zikifika Wamaza, mwalimu Serge huzisoma na wanafunzi wake. Wakijikwaa mahali, hurekebisha palepale kwenye ukurasa, kisha huirudisha flashi. Djamila hunakili yaliyomo juu ya kurasa zake zilizojengwa, huisafisha, huirudisha njiani. Desturi yetu ni moja: flashi iliyofika mwisho ndiyo ya kweli. Chanzo hakuna aliyekikumbuka.

“Imejenga,” alisema Djamila. “Hata kosa moja hakuna.”

Nilifungua sura ya kufuta faili. Nilisoma mara mbili.

“Dada, huu si ule mfano wa zamani?”

Mfano huo ulimwambia mwanafunzi anafuta faili moja, kumbe unafuta folda nzima. Cécilia wa Wamaza aliufuata, akapoteza kazi yake ya kumaliza masomo. Serge aliurekebisha wiki hiyohiyo.

Djamila alikaza macho kwenye kioo, kisha akaondoa mikono kwenye vibonye kama aliyeguswa na moto. Programu ya kujenga huanza kwa kufagia kurasa zote za zamani. Kila alichokirekebisha Serge kilikuwa humo. Kompyuta ya Serge iliharibika masika, ikatengenezwa lakini bila kilichokuwemo, na flashi yake tuliisafisha wenyewe.

“Huu mmoja nautengeneza sasa hivi,” alisema. “Lakini mingine? Sijui aligusa wapi.”

“Mpigie.”

“Nimwambie nini? Kwamba nimefuta kazi yake? Nilimwahidi safari hii jina lake litakuwemo.”

Alisimama, akafunga kibanda, akatoka bila kujifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Nilimfuata mpaka pale zinapoegeshwa pikipiki za Kabambare, zinazopitia Wamaza. Wanafunzi wa Serge hupitishiana kurasa alizozirekebisha simu kwa simu. Alitaka mtu yeyote wa Wamaza.

Héritier, anayebeba flashi zetu, alikuwa anafunga mzigo wa safari ya mchana.

“Mama Djamila, leo unakimbia! Deni ya nani hiyo?”

“Wacha mchezo. Nani wa Wamaza iko hapa mjini?”

“Ule Cécilia alikuya jana na mafuta ya mawese. Iko kule nyuma, kwa wauza chumvi.”

Cécilia alitutazama kwa wasiwasi. Simu yake alikuwa nayo, ila imezimika.

“Zile kurasa za mwalimu uko nazo?” Djamila alimuuliza.

“Niko nazo, mama. Zile siwezi futa.” Akacheka kidogo. “Mimi tena, nifute kitu?”

Djamila hakucheka. Tulirudi naye kibandani, simu ikachomekwa kwenye betri ya sola, tukasubiri iwake. Sijui kitu kigumu kama kutazama kioo cheusi wakati saa inatembea. Iliwaka. Kurasa zilikuwemo zote.

Djamila alizilinganisha na zile mpya, na mistari inayotofautiana ikajitokeza, mingi kuliko tulivyofikiri. Serge alikuwa amegusa karibu kila sura. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye akaandika kwenye chanzo. Mfano wa duka ulikuwa umegeuka kuwa wa magunia ya mupunga. Maelezo marefu niliyoyachangia mimi, nikayaonea fahari, Serge aliyakata yakabaki sentensi moja, na yalieleweka zaidi.

Ilipofika saa tano na nusu zilibaki sura mbili.

“Tujenge sasa,” nilisema.

Ujenzi ulikataa. Serge alikuwa ameongeza ukurasa wake mwenyewe, wa mazoezi, na sura nyingine zina viungo vya kuuelekea, lakini kwenye orodha ya yaliyomo haupo. Programu haikubali kiungo kisichofika popote.

“Utoe huo ukurasa,” nilisema. “Muda unaisha.”

“Huu peke yake ndio wake wote, dada. Nyingine alirekebisha zangu.”

Aliuandika kwenye chanzo, mstari kwa mstari, huku Cécilia akimsomea kutoka kwenye simu mazoezi ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuyafanya. Akauongeza kwenye yaliyomo. Akaongeza jina la Serge. Akajenga. Ukapita. Mtandao ulikatika katikati ya kutuma, ukarudi, ukakatika. Djamila alipanda juu ya kiti, ameinua simu kuelekea dirishani, na hakushuka mpaka jibu lilipoingia: Kiswahili kimepokelewa.

Hapo ndipo alipompigia Serge. Alimweleza yote, hata habari ya flashi.

“Marekebisho yako ya sura mbili za mwisho hayamo,” alisema. “Yatangoja toleo lijalo.”

Sauti ya Serge ilikuja pamoja na upepo wa kule kilimani anakopata mtandao.

“Na ukurasa wangu?”

“Uko. Na jina lako.”

“Hizo sura mbili niliteseka nazo sana, mama.”

“Najua. Nisamehe.”

“Sasa hiyo chanzo iko wapi? Mbona hamkunitumia hata siku moja?”

Djamila alichukua ileile flashi ya Serge tuliyoisafisha, akaweka humo faili za chanzo, zote, kavu kama zilivyo, akampa Cécilia aipeleke kwa Héritier kabla hajaondoka.