Upondo wa Marehemu Niliutundika Ukutani Kwangu

Nimekosa. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na hadithi nitaipamba, na nikiipamba nitajikuta mimi ndiye shujaa wake tena. Nimekuwa shujaa wa uongo mwaka mzima sasa, na jamani, inatisha!

Jina langu siliandiki. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mji nauacha ulivyo: Tabora, mtaa wa Ng'ambo.

Kazi yangu ni uvuvi. Ndiyo, mvuvi wa Tabora! Watu wa pwani wakisikia hucheka mpaka kofia zinaanguka. Kiangazi tunapiga kambi kando ya mto Ugalla, tunavua kambale na perege, tunawabanika, tunawaleta mjini. Kifuku kikiingia mto unafura, kambi inavunjwa, kila mtu anarudi kwake kulima. Mimi kilimo sikujaliwa. Nikishika jembe hata magugu yanapumzika.

Basi miezi ya mvua nikajitafutia starehe: kukusanya vitu vya kale vya uvuvi. Nilianza na ndoana moja yenye kutu, kubwa kama mpini wa mwavuli, niliyopewa na bibi mmoja wa Ipuli ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji. Baada ya hiyo sikuweza kuacha. Migono ya matete ya kutegea samaki, mikuki ya chusa iliyovunjika, vyelezo vya nyavu, chubwi za mawe za kuzizamishia, kopo la ndoana la zamani kutoka duka la Bwana Kanji. Chumba chetu cha uani kikajaa, nikakiita makumbusho.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kutazama. Nami nikieleza, naeleza!

"Ndoana hii," nasema, "ilimnasa mamba pale Ujiji. Akauburuta mtumbwi mpaka Kongo na kuurudisha kabla ya adhuhuri, maana alikuwa na haraka."

Bwana Kanji alikuwa akitikisa kichwa. "Samaki wako wakubwa wote wamekufa zamani, ndugu yangu. Wa leo mbona wadogo?"

Tulicheka. Ningejua kicheko kile kitanirudia kwa sura gani!

Mwaka huo nilikuwa nimehitimu kisomo cha usiku. Mtu mzima, ndevu hizi, nikakaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigusa kidevu, mpaka nikajua kusoma na kuandika. Cheti nilikitundika kati ya chusa mbili. Mwalimu alitufundisha pia kwamba ushirikina ni adui wa maendeleo. Neno hilo nililimeza zima zima, sikulitafuna.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Kwetu Ugalla, mvuvi akifia mtoni, wenzake huusimika upondo wake ukingoni, pale pale alipofia. Upondo ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Haung'olewi. Ukiuona, unageuza. Hakuna anayekueleza sababu, na wewe huulizi. Wa mzee Maganga ulikuwa kwenye mdomo wa kilindi kimoja chenye matete mengi. Kiboko alimwua humo kabla mimi sijaanza kazi. Ulikuwa upondo wa mninga, mweusi kwa jasho la mikono, umechorwa pete kwa kisu, kila msimu pete moja. Nilizihesabu kwa mbali miaka mingi. Ishirini na saba.

Kifuku kile nilirudi kambini peke yangu kuchukua nyavu tulizosahau. Nikaukuta umeinama, maji yanaulamba. Nikajiambia mafuriko yataubeba bure. Nikajiambia mimi ni msomi, na kuogopa mti uliosimikwa ni ushirikina. Nilijiambia mengi siku ile! Ukweli ni kwamba niliutamani.

Niliung'oa. Ulitoka kwa urahisi, kama jino la mtoto.

Kwenye treni mkagua tiketi akasimama mbele yangu. "Mzee, hii fimbo ya Musa unaipeleka wapi?"

"Mlingoti wa bendera ya tawi letu, ndugu."

Alinisaidia kuulaza vizuri chini ya viti. Nusura anipigie saluti.

Nyumbani mke wangu, Kulwa, aliuangalia akauliza umetoka wapi. Nikamwambia ni wa mpagazi aliyeuvusha msafara wa pembe mto Malagarasi, pembe mia tatu za tembo kwa siku moja. Akacheka, akasema uongo wangu una miguu mingi kuliko jongoo. Nikapigilia misumari miwili, nikautundika. Jumapili ile chumba kilijaa, wengine wakasimama dirishani.

Sasa, Kulwa ana mdogo wake, Shija, ambaye hata jina lake linasema aliwafuata mapacha. Pacha wa Kulwa alikufa mchanga, kwa hiyo Shija ndiye kila kitu kwake. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Lusu, mguu wake haujui maji ila ya kunawa. Serikali ilipohimiza vijiji vya ujamaa alijiandikisha kwa hiari katika kijiji kipya kilichofunguliwa karibu na Ugalla. Wakampangia kikundi cha uvuvi.

Mwezi wa sita, mvua zimekwisha, ikaja barua yake. Ilikuwa barua ya kwanza katika nyumba yangu kusomwa na mimi mwenyewe, bila kumwita jirani. Nilivaa shati safi! Kulwa akaketi kwenye mkeka, mikono mapajani, nami nikasimama kama katibu wa mkutano.

Nikasoma salamu. Nikasoma habari za nyumba, za mahindi, za ng'ombe aliyezaa. Halafu macho yakatangulia mdomo. Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Shemeji, mrina asali mmoja alituonya tusivue ng'ambo ya upondo wa mzee Maganga. Tumeutafuta siku mbili hatuuoni. Mwenyekiti anasema kama haupo basi na hatari haipo. Kuna kilindi kizuri chenye matete, perege wanaruka wenyewe. Jumamosi tunaingia."

Nikaisogeza barua dirishani, nikairudia mistari ile kimoyomoyo.

"Mbona umenyamaza?" Kulwa akauliza.

"Mwandiko wake mbaya."

Nikairuka mistari ile. Ndugu wasomaji, nilijifunza kusoma miezi yote ile, na mara ya kwanza nilipomsomea mke wangu barua, nilitumia elimu yangu kumficha! Nikarukia mwisho: "Wasalimie wote. Ni mimi nduguyo, Shija." Kulwa akatabasamu, akaikunja barua, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

Ilikuwa Alhamisi. Treni ya Mpanda ilikuwa inaondoka siku hiyo hiyo. Nikauteremsha upondo ukutani.

"Unaupeleka wapi?"

"Kumwonyesha Shija."

Safari ile sikulala wala sikula. Nilizoea kuogopa vitu vya kusimulia, mamba wa futi thelathini. Hofu hii haikuwa na urefu wowote. Ilikaa tu kifuani, baridi kama chura.

Ijumaa mchana nikafika. Upondo niliuficha kwenye nyasi nje ya kijiji. Mnaona? Hata hapo nilikuwa na nafasi, na nikauficha! Nilipanga niusimike kimya kimya asubuhi, mambo yarudi kama yalivyokuwa, asijue mtu.

Shija alinipokea kwa furaha. "Shikamoo, shemeji! Umekuja kutufundisha kazi?"

"Marahaba. Shija, kile kilindi cha matete msiingie. Kuna kiboko jike, huzalia mle."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, mtu mnene mcheshi. "Kiboko huyo ni mkubwa kiasi gani, mzee?"

"Mkubwa sana!"

"Kuliko yule mamba wako wa Kongo?"

Wakacheka wote. Kumbe Shija alikuwa amewasimulia hadithi zangu zote, kijiji kizima kilikuwa kinanijua kwa chumvi kabla ya kuniona kwa macho. Mmoja akasema, "Huyu ndiye kambale wake alimeza mbwa na mnyororo?" Nikaapa. Wakacheka zaidi. Nikakasirika, nikapiga mguu chini. Shija akafuta machozi ya kicheko, akanishika bega: "Basi, shemeji, basi. Utatuvunja mbavu."

Maneno matano tu yangetosha. "Upondo wa Maganga niliung'oa mimi." Yangewazima kicheko kama maji juu ya moto. Nilikuwa nayo hapa, kooni. Nikawaza aibu, nikawaza cheti changu, nikawaza kikao cha kijiji kinanisimamisha kama mwizi wa kuku. Nikayameza.

Alfajiri niliamka, mkeka wa Shija mtupu. Wametangulia!

Nilikimbia. Nikauchomoa upondo kwenye nyasi, nikauweka begani, nikakimbia nao ukinigonga shingo kila hatua. Nilipofika ukingoni jua lilikuwa linachomoza. Mtumbwi wa gome ulikuwa umeshaingia mdomo wa kilindi, Shija amesimama nyuma, mwenzake Masanja mbele na wavu.

"Shija! Rudi! Ruuudi!"

Akageuka. Akaniona na mti wangu begani, akacheka, akanipungia mkono. Ndivyo alivyokuwa: ananipungia mkono.

Maji nyuma yake yakapanda kama mgongo wa nyumba. Hapa sitii chumvi hata punje. Mtumbwi ulikunjwa kama jani la mgomba. Masanja akaangukia kwenye matete, akatambaa. Shija akazama, akaibuka, akapiga ukelele ambao mpaka leo nikisikia mbuzi analia huo huo nausikia. Yule mnyama alikuwa amemshika paja.

Sijui kwa nini alimwachia. Nasikia ndama wake alilia, akamgeukia. Nilichojua ni kwamba nilikuwa majini mpaka kiunoni, nimeunyoosha upondo, nampigia kelele aushike. Akaushika. Vidole vyake vilikamata zile pete za mzee Maganga, moja baada ya nyingine, nikamvuta nje.

Mguu ulikatwa hospitalini mjini. Waganga walifanya waliloweza, haukuwa mguu tena.

Kijiji kikanibeba juu juu. Mwenyekiti alilia mbele ya watu: "Mzee alituonya tukamcheka! Na Mungu akampa akili ya kubeba upondo!" Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona ule upondo zamani, walikuwa wageni wa mto. Niliusimika mahali pake siku ile ile, wakanishangilia wakidhani nawawekea alama mpya. Na mimi? Nikapokea makofi.

Shija sasa anaishi kwetu. Analala katika kile chumba cha uani, kati ya ndoana zangu. Misumari miwili iliyoshika upondo hakuna aliyeing'oa. Anatundika mkongojo wake hapo. Kila mgeni akija, anaanza yeye: "Shemeji huyu aliniokoa." Anaisimulia vizuri kuliko mimi. Wavuvi wenzangu walirudi kambini wakaukuta upondo umesimama, hawakuona tofauti. Mzee Maganga peke yake ndiye anayejua.

Na sasa hofu yangu ina mguu mmoja mlangoni. Kulwa ameanza kisomo. Yuko darasa lile lile, dawati lile lile, mwalimu yule yule. Kila jioni anakitoa kitabu cha nyimbo, anaifungua barua ya Shija, kwa sababu, anasema, ni ya mwisho aliyoiandika akiwa na miguu miwili. Anaifuata kwa kidole. Ameshapita salamu. Ameshapita mahindi. Wiki iliyopita alimaliza ng'ombe.

Juzi kidole kikasimama. "Baba, neno hili ni nini?"

Nikainama. Nikaona. "Mwandiko wake mbaya," nikasema.

Akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyolitazama neno gumu.

Ndugu zangu, mkikusanya vya kale, kusanyeni. Lakini kitu ukikikuta kimesimama peke yake porini, usiseme hakina maana kwa kuwa hakuna aliyekuandikia maana yake. Waliosimika upondo ule hawakujua kalamu. Ile ndiyo ilikuwa barua yao, mimi na cheti changu tukaichana. Na mkishakosea, semeni siku ile ile, mkiwa bado mnachekwa! Ukingoja mpaka upigiwe makofi, mdomo haufunguki tena. Nawaambia mimi niliyejaribu kuufungua kila siku kwa mwaka mzima.

Gazeti hili husomwa kwa sauti darasani kwao kila Ijumaa. Ndiyo maana nimeandika.

Mke wangu, mwandiko wa Shija ni mzuri, haujawahi kuwa mbaya. Neno lile uliloniuliza ni "upondo". Endelea kusoma.